Safu ya Mazao

Nilipewa fomu hamsini, kalamu mbili, na futi ya mita thelathini.
Wakaniambia: wewe ni wa huku huku,
Kisukuma unakijua, hawatakufungulia mbwa.
Barabara inatoka Magu, inataka kokoto,
na kokoto imelala juu ya shamba la shangazi yangu
ikiitwa, tangu nijue kuita, Jiwe la Bamayu.

Nilimkuta Minza ameshaanika.
Michembe mgongo mzima wa jiwe, hadi begani,
naye katikati, peku, anageuza mmoja mmoja.
Mwangaluka, mayu.
Mwangaluka. Umekonda. Hiyo kamba ya nini?

Nikamsomea fomu.
Nyumba: ya bati, vyumba viwili. Choo: kipo.
Miti: mipapai mitatu, mlimao mmoja usiozaa.
Makaburi: mawili. La babu,
na la mtoto aliyeondoka kabla ya jina.
Vyote vina bei.
Makaburi yana bei kuliko mipapai.

Akaifagia michembe kwa ubavu wa kiganja,
jiwe likajitokeza na mabonde yake,
marefu, membamba, laini kama kisogo cha mtoto.
Hesabu, akasema.

Kumi na saba.

Hili la Ng'walu. Alisagia mkono wa kushoto,
ona lilivyopinda.
Hili la Holo, alikuwa akisinzia, halikwenda kina.
Hili fupi la Kabula,
aliolewa Sengerema kabla halijakomaa.
Hili la mama yako.

Nikapima: sentimita arobaini na mbili, kina nane.
Kisha nikaiacha futi, nikalaza mkono wangu humo ndani,
kiganja hadi kiwiko,
jiwe lilikuwa na joto la jua
na sikutaka kuutoa.

Majembe arobaini yakija, akasema,
bugobogobo inakuja na ngoma yake na njaa yake,
sisi tuko hapa tangu jogoo wa kwanza,
wote kumi na saba, uso ziwani,
mtama unalia chini ya mawe.
Ng'ambo ya ghuba walikuwa wakisikia,
wanajua leo linalimwa la nani.
Kama jiwe halilii, walikuja kuuliza
nani anaumwa.

Na hivi vishimo vidogo, vya duara, mistari minne?
Isolo, ya wanaume.
Wao kete, sisi mtama.
Hivyo usiviandike.

Nikatafuta pa kuandika.
Jiwe halikuwa na safu.
Niliwaza makaburi: kumi na saba kwa bei ile,
Minza angejenga nyumba ya tofali za kuchoma,
na mimi, nisiseme uongo, niliwaza asante yake.
Kalamu ilikuwa imeshagusa karatasi.
Akaninong'oneza, kama mtu anayemzuia mtoto asiangushe chungu:
Holo yuko hai. Yuko Misungwi, anakula kwa meno yake.
Unamzika wewe?

Binti yake, Buyegi, anaponda kokoto Nyakato,
ndoo kwa ndoo, mtoto mgongoni,
nyundo yenye mpini wa bomba.
Hilo hatukulizungumza.
Lilikaa nasi pale, likiota jua.

Mazao, akasema mwishowe.
Safu ya mazao ipo?
Ipo, shangazi. Pamba, choroko, viazi. Ekari ngapi.
Basi andika.
Niandike nini?
Unga.

Nikaandika: Unga. Mabonde kumi na saba.
Kwenye ekari nikaweka mstari.
Kwenye msimu nikabaki nimeshika kalamu,
nikiwaza afisa pale mjini, feni juu ya kichwa,
atakavyoligeuza karatasi juu chini
akitafuta nani amelewa.

Kila mwaka, akasema, hata hujamuuliza.
Halafu akaanza kurudisha michembe mahali pake,
bonde la mama yangu likafunikwa la mwisho.
Akasimama, mkono kiunoni, akautazama mguu wangu.

Sogea, mwanangu.
Na hiyo futi yako iondoe.
Inatia kivuli.