Mshono

Tone la kwanza Ewald alilisikia kabla yangu,
saa nane usiku, ghorofa ya tatu, Bytom,
theluji imekaa dirishani kama mgeni asiyeaga.
"Hildegarda," akasema. "Maji."
Si "kuna maji," si "njoo uone."
Maji: kama walivyolisema kule mgodini,
neno moja, na taa zote kichwani hugeuka.

Nilikwenda peku. Zulia ndilo lililoniambia.

Kona ya kushoto, pale kioo kinapokutana na kioo,
silikoni ilikuwa imeinua ukingo wake
kama ukucha uliokufa,
na nyuma yake uzi wa maji,
mwembamba kuliko ule ninaopambana nao tunduni mwa sindano,
ukishona kwenda chini, pindo baada ya pindo,
kuelekea dari ya Bi Trudka.

Ziba ufa, wanasema watu.
Utauzibaje, na lita mia saba zinasukuma kutoka ndani?
Jirani Norbert alipanda na bomba lake la gundi,
na pajama, na ushauri.
Ewald alimzuia kwa kiwiko.
Ukipaka kwa nje, maji yanakucheka.
Na silikoni mpya haikubali kuukuu,
hata ziwe zimetoka duka moja.

Basi tukayavuta kwa mpira, kwa mdomo,
ndoo, sufuria ya kabichi,
karai alilooga binti yetu kabla hajajua Dortmund iko wapi.
Samaki tukawamimina kwenye hodhi la kuogea:
kumi na wanane, bapa, wekundu,
visahani vya harusi vinavyopumua.
Kambare mzee aliukataa wavu.
Ewald alimtoa kwa mikono mitupu;
miiba ikamchana, wala hakutukana.

Siku tatu, wembe.
Siku tatu alikuwa ndani ya tangi, magoti kifuani,
mzee wa miaka sitini na tisa ndani ya sanduku la kioo,
akikwangua, akifuta kwa asetoni, akikwangua tena
kitu ambacho mimi sikukiona.
Nilimpitishia chai kwa juu.
"Hapa pangeweza kutuua," akasema,
kisha akakumbuka yuko sebuleni.

Siku ya nne alivuta mstari mmoja, juu mpaka chini,
bila kupumua,
akaulainisha kwa kidole gumba kisicho na ncha.
Ndoa yetu ina miaka arobaini na moja,
na kidole hicho hakijanisimulia.

Halafu ikaja harufu ya siki.
Wiki nzima nyumba ilinuka kama pipa la matango,
mapazia, mito, mkate.
Niliosha uso jikoni kwa kikombe.
Nilipiga mswaki nikitazamwa na macho thelathini na sita
yasiyojua kufumba.
Kambare alijibanza chini ya bomba, hakutazama mtu.
Jumapili tulimkuta ubavu juu.
Ardhi ilikuwa imeganda, haichimbiki;
Ewald alimfunga kwenye gazeti, akashuka naye gizani,
akarudi viatu vimejaa theluji.
Sikuuliza ni wapi.

Maji aliyarudisha kwa ndoo, taratibu,
akisimama kila baada ya ndoo kusikiliza.
Yalipofika nusu akaweka ndoo chini.
"Inatosha."
Samaki wakajifunza kuishi na dari ya chini zaidi.

Sasa chini ya mshono kuna kipande cha gazeti,
ukurasa wa matangazo ya vifo, ndio mkavu kupita yote, anasema.
Jana usiku nilisikia kitanda kikimwachia.
Nikahesabu mpaka ishirini, nikamfuata.
Alikuwa amepiga goti, kiganja juu ya karatasi.
Akanisogezea nafasi.
Nami nikagusa.
Pakavu.
Tukakaa pale kidogo, tukisikiliza.