Kiduko Amefia Barabara ya Kumi na Tano

Dadu lilizunguka juu ya meza ya cherehani,
likagonga kikombe, likalala: moja.

Mhina, msimulizi wetu, hakusema kitu.
Alikuwa na boksi la biskuti la kufichia siri zake,
angeweza kutudanganya nyuma yake.
Tulimwomba kwa macho.
Akafunika kalamu.

Miezi minane nimembeba Kiduko
kwenye karatasi ya daftari la hesabu.
Pale penye namba ya uhai
nimefuta, nimeandika, nimefuta,
mpaka karatasi ikatoboka.
Nilipaswa kuona.

"Mrudishe," akasema Siwazuri, "si mchezo tu?"
Mchezo, ndiyo. Lakini lile daraja
alilisimamia peke yake ili wenzake wavuke.
Nikimfufua usiku huu,
atakuwa alisimamia nini?

Nje mtu anashusha geti la duka la mikate.
Ngamiani yote haina habari ya msiba wetu,
watu wazima wanne na penseli zao,
mmoja nesi wa Bombo
aliyefunika uso wa mtu asubuhi ileile
na hakulia. Sasa anapenga kamasi.
"Yule wa asubuhi," anasema,
"sikupewa nafasi naye."

Tanga, waja leo waondoka leo.
Karatasi nimeikunja mara nne,
nimeilaza kwenye droo, chini ya nyuzi.

Mhina ananisogezea nyingine, nyeupe.
"Jina?"
Bado, namwambia.
Hata chai yake haijapoa.