Mafuta ya Buluu

Karibu na mto Tisza ardhi ina magadi.
Ngano huikataa, mahindi huikataa,
kamomili haijui kukataa.
Mwezi wa Mei hutandika shuka lake jeupe
hadi kwenye reli,
na treni ya saa kumi na mbili
hupunguza mwendo pasipo na kituo.

Mama alikuwa na kichana cha mbao,
meno ishirini na nane, moja limeng'oka.
Alikisukuma mauani
kama anayechana kichwa cha mtoto mkaidi,
vichwa vya manjano vikaangukia kapuni,
mabua yakabaki wima, yamenyolewa.
Miaka thelathini na sita.
Ukiita Etelka, hageuki.
Ukigonga kapu, anageuka.

Mimi niko kiwandani, kwenye mtambo wa kukeneka.
Tunapika maua meupe na manjano kwa mvuke
na kinachodondoka ni buluu:
buluu ya wino, ya mshipa chini ya ngozi.
Mwaka wa kwanza nilidhani bomba limeoza,
nikamwita msimamizi, Bwana Barnabás.
Akacheka hadi akashika ukuta.
"Ua halina buluu hiyo," akasema.
"Moto ndio unaoitoa."

Matone mawili kwa kopo la krimu:
kwa mashavu ya mtoto yaliyochapwa na baridi,
kwa kidevu kilichonyolewa mbiombio
asubuhi ya usaili,
kwa Hajnalka, msusi wa Szeged,
aliyetuandikia kwamba vidole vyake
vimeacha kupasuka,
sasa anakamua limau bila kuuma meno.
Barua yake tumeibandika juu ya sinki.

Mama hakuiomba kuisoma.
Mwaka wake wa ishirini na tisa shambani
mikono ilianza: vipele,
kisha malengelenge,
kisha ngozi kuambuka kama ganda la kitunguu.
Daktari akambandika viraka kumi na viwili mgongoni,
akavibandua siku ya tatu.
Chini ya kimoja pamewiva.
Akasoma karatasi. Akaisoma tena.
"Ni kamomili, mama."
Mama akauliza kama karatasi huweza kukosea.
Kisha akanunua glavu,
akachuma miaka saba mingine.

Husemwa mganga hajigangi.
Hawakusema kwamba dawa yenyewe
yaweza kumgeuka,
imtulize kila mpita njia
na kumng'ata aliyeibeba.

Jioni nikitoka kazini sipandi ngazi.
Navua shati bandani,
naosha mikono mara tatu kwa sabuni isiyonukia,
hadi viwikoni, kama mpasuaji.
Ndipo naingia.
Nachota mafuta ya bata bukini
kwenye bati aliloachiwa na bibi,
nampaka kidole kwa kidole,
na polepole zaidi pale katikati ya kiganja
ambapo mpini wa kichana uliacha bonde.

Ananusa.
"Leo mmepika."
"Nimeosha mara tatu, mama."
"Mikono, ndiyo. Hizo nywele je?"

Nataka kuinuka, ananizuia kwa kiwiko.
Anafumba macho, anavuta pumzi moja,
ndefu, ya mtu anayechungulia dirishani
kwenye nyumba aliyowahi kupanga.
Kisha ananipa mkono wa pili.
"Kesho uzioshe," anasema.
"Leo ziache."