Dakika Tatu za Shukrani

Wamenipa dakika tatu na kipaza sauti kinachokoroma.
Waheshimiwa, nitazitumia vizuri,
ingawa saa yenu ya ukutani imesimama tangu nilipoingia.

Mimi ni Saturnina, binti wa Teófanes mpiga kinubi
wa Andahuaylas. Huko juu baridi hupasua midomo,
na kinubi hubebwa begani kichwa chini,
mguu wake ukielekea mbinguni.
Baba alikipiga hivyo harusini na mazikoni,
akateremka Lima mwaka wa njaa,
akarekodi nyimbo kumi na moja kwa siku moja
kwa sahani ya wali na nauli ya kurudi.

Nyimbo hizo zilitutangulia kila tulikokwenda.
Nilizikuta kwa kinyozi, nikazikuta kwenye basi la usiku,
kwa muuza kuku wa kukaanga aliyezipiga
mpaka spika ikapata kikohozi.
Nilizikuta sokoni, zimetandazwa juu ya turubai la buluu,
soli moja moja, tatu kwa mbili,
jaladani uso wa mtu ambaye si baba
na jina la baba limekosewa herufi mbili.
Nilinunua. Ndiyo, waheshimiwa, niandikeni:
nami nilinunua, maana sisi wenyewe hatukuwa na nakala.

Mcheza kwao hutunzwa.
Baba alicheza kwao, akatunzwa makofi.
Makofi hayapikiki.

Leo mnampa ngao Inspekta Nélida Ccorahua.
Picha zenu zinaonyesha lile greda la manjano
likipita juu ya diski laki mbili,
vipande vikimetameta kama mvua ya mawe juani.
Bendi ya polisi ilipiga, mawaziri walivaa kofia za plastiki.
Mimi greda silipigii makofi.
Wilmer, aliyekuwa na lile turubai, yuko mlangoni sasa hivi
anauza maji ya chupa. Tumesalimiana.

Nampigia makofi Inspekta kwa siku nyingine, isiyo na picha:
alipopanda ngazi mia na arobaini za mtaa wetu wa kilimani,
viatu vya ofisi vimejaa vumbi,
mkononi diski moja aliyoitoa guniani kabla ya greda.
Akaketi juu ya kreti ya soda. Akauliza:
"Anayepiga kinubi humu ni nani?"

Miaka thelathini na mmoja, hakuna aliyewahi kuuliza.
Baba, mkono mmoja ushapooza,
akainua ule mwingine kama mtoto darasani.

Akamwandika. Herufi zote.
Ikafuata miezi minane ya foleni, mihuri, rudi kesho,
kisha mrabaha wa kwanza: soli mia mbili na sita.
Baba akazihesabu, akazihesabu tena,
akanituma nikanunue nyuzi mpya
za kinubi asichoweza tena kukipiga.

Inspekta, ngao hiyo ni nzito, itafutie msumari imara.
Wezi wamehamia kwenye simu, unajua kuliko mimi,
na greda halipiti hewani. Kazi ungali nayo.
Ile diski uliyotuachia ipo juu ya redio.
Yule mtu wa jaladani nimemfunika
kwa picha ya baba, nikaibandika kwa gundi ya viatu;
pembe moja inabanduka kila joto likizidi.
Nyuzi nimezifunga mwenyewe.
Ninajifunza. Vidole vinauma.

Saa yenu bado imesimama.
Nadhani nimemaliza.