Majokofu Saba

Ninayo majokofu saba, wala sikununua hata moja.
La kwanza aliniachia Bi Pyo wa ghorofa ya kumi na mbili A
(jengo letu halina ya kumi na tatu,
lifti huiruka kama mtu anavyoruka dimbwi).
Mumewe aliitwa na kampuni Jumanne,
Jumamosi walikuwa wamekwisha funga virago.
Akalisukuma hadi mlangoni kwangu lile sanduku la kimchi,
kabichi na pilipili zikiwa bado zinachacha tumboni,
akasema: Dada, usilizime njiani. Zitanuna.

Ndivyo tuishivyo My Dinh, magharibi ya Hanoi.
Wa kampuni huja kwa miaka minne,
kodi inalipwa, dereva analipwa,
watoto wanachukuliwa na basi la shule lenye pazia.
Sisi tuliokuja kwa nauli zetu
hatuna jina la kujitofautisha nao,
lakini Jumapili kanisani
viti vyenyewe vinajua nani akae wapi.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Jembe langu lilikuwa kisu na ndoo,
na hiyo ya tatu sikuingoja.
Nauza vitoweo kwa gramu:
figili, mizizi ya yungiyungi, dagaa wa sukari na ufuta.
Wanaoniita Dada wanalipa kesho.
Wanaoniita Bibi Mwenye Duka wanalipa papo hapo.

Machi kuta hutoka jasho.
Unapangusa sakafu, sakafu inalia upya.
Thoa, anayenisaidia, hucheka tu: ndio mwaka unageuka ubavu.
Usiku nasikiliza majokofu.
La Bi Pyo linakoroma.
La akina Tak linakohoa ikifika saa tisa.
La Geum, yule mhandisi kijana
aliyekula peke yake miaka mitatu,
halisikiki kabisa.
Nililifungua siku lilipoletwa: yai moja,
na karatasi yenye mwandiko wa mtoto,
Baba, jino limeng'oka. Nimekuwekea.

Yai nililitupa.

Mwaka juzi mama alifariki, kule Jecheon.
Nilipeleka debe la kimchi yangu kwenye matanga.
Dada yangu akaonja, akatafuna polepole,
akasema: Hii ina bahari ya watu wengine.
Kweli. Mchuzi wa samaki ni wa Nam Dinh,
kabichi zimeshuka kwa lori kutoka Moc Chau.
Pilipili tu ndiyo ya kwetu,
na hiyo nayo, ukivaa miwani ukausoma mfuko,
ilichumwa China.
Siku ya kurudi nilimwambia dereva wa teksi
pinda kulia, kwa Kivietinamu, bila kujua.
Akanitazama kwenye kioo
kama mtu anayetafuta kituo cha redio.

Leo amekuja mgeni, Bi Yeom,
kucha bado zina rangi ya saluni ya Seoul,
mtoto mgongoni amelala kinywa wazi.
Ameuliza nitapata wapi jokofu la kimchi,
si jipya, kwa kuwa hatujui tutakaa hadi lini.
Nikamwambia, chagua.
Akapita akigusa milango, moja, moja,
mfano wa mtu achaguaye tikiti.
Akafika kwenye la Geum. Akafungua. Akasoma.
Akafunga bila kishindo.
Hili hapana, alisema. Hili lina mwenyewe.

Akachukua la Bi Pyo, hilo linalokoroma.
Tulilishusha watu wanne, Thoa akishika waya
usiburute, kana kwamba ni mkia wa mnyama anayeumwa,
na ndani madebe mawili niliyomwongezea.
Usilizime njiani, nikamwambia. Zitanuna.
Akaitikia kwa adabu, ndiyo, Dada.

Lori likaondoka.
Ndipo nilipokumbuka kuwa njiani hakuna umeme,
na kwamba Bi Pyo, siku ile,
naye alijua.