Hesabu ya Delmar

Fomu inauliza: unaweza kusimama dakika ngapi?
Delmar anaguna. Itategemea
nani ananitazama.

Anayeandika ni Lorna, meza ya jikoni,
mji wa Butte, theluji hadi kizingitini.
Andika: fundi wa kuchomelea vyuma, miaka kumi na mmoja.
Andika siku ile nyundo ilipoanguka
nikajikuta chini ya lori, uso kwenye oili,
na vijana wakangoja nitoke, kimya,
mmoja ameniokotea kofia.

Ya kofia usiandike.

Serikali ilishampima:
usiku wake, hamsini; goti, thelathini;
jumla, sabini.
Hesabu hii hata mtoto wa chekechea angeikataa,
lakini ndiyo inayolipa kodi ya nyumba, nusu.
Wapate iliyobaki, linatakiwa neno moja:
hawezi.

Hawezi, yeye ambaye alfajiri,
kabla taa ya jirani haijawaka,
hunyata kama mwizi na beleshi
lililofungwa taulo lisikwaruze,
akazisafisha ngazi za Bi Pavlovich, mjane.
Ngazi tatu tu.
Kisha saa nzima sakafuni bafuni, mlango umefungwa,
maji yakifunguliwa ili Lorna asisikie.

Lorna husikia.

Swali la mwisho: ipo kazi yoyote
anayoifanya kwa sasa?
Anayatazama mabuti mlangoni,
yametengeneza kidimbwi.
Anainuka, anayasogeza nyuma ya jiko yakauke,
anarudi, anaketi,
anaijaribu kalamu kwanza
pembeni mwa gazeti.