Sekunde Sita

Mwalimu Mwachiro alitupa zoezi la wiki:
neno moja, sekunde sita, liende mahali.
Nikachagua NGOJA.
Nikalivingirisha, nikalirusha, nikalipaka dhahabu,
nikalipasua likamwagika kama njugu sakafuni.
Akatazama mara mbili.
"Linacheza," akasema, "lakini halisemi."

Nikarudi Kuze, kompyuta begani, nimenuna.

Shangazi Zuwena alikuwa akipanda ngazi
na leso mpya ya mtaa wa Biashara,
bado ina harufu ya duka.
Jirani wa chini, yule wa maneno ya juzi,
kasimama mlangoni na sufuria yake.
Ubavuni, penye mkunjo, palisomeka SIJA
basi.
Kidato kimoja. SEMA.
Katikati ya ngazi shangazi akatua kikapu,
akajifanya pumzi zimemwishia,
akamgeuzia mgongo polepole,
polepole kama mtu asiye na habari:
MMESIKIA.

Sufuria ikarudi ndani.

Miaka yote hii nasoma leso zikiwa zimetandazwa kaunta,
nikidhani maneno yameshamalizika pale.

Usiku nikafuta njugu, nikafuta dhahabu.
Herufi nyeusi, kiwambo cheupe.
Silabi ya kwanza nikaileta ukingoni,
nikaizuia hapo hapo,
nikahesabu vidato vya shangazi,
kikapu, pumzi ya uongo,
na mimi niliyeitega mwenyewe
nikajikuta nimeinama mbele ya kioo

NGO



JA